Mwisho wa Kitabu cha Mzuka

Juma lililopita, katika duka la vitabu mjini Sumbawanga, binti wa shule alirudisha kwenye kaunta riwaya ya watoto inayohusu mzuka.

"Kimekutisha, mwanangu?" muuzaji akamtania. Wateja tukacheka.

"Hapana, mama. Naomba unibadilishie. Namsomea bibi kila jioni kule kijijini Mollo, na leo tunafika mwisho. Nimetangulia kuusoma, kumbe mzuka ni yule kikongwe mwenye macho mekundu."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Bibi yangu naye macho yake mekundu. Ni moshi wa kuni." Alisema hivyo huku amefunika jalada kwa kiganja.

"Basi mwambie mzuka alikuwa mwenyekiti wa kijiji."

"Ataniuliza yule kikongwe aliishia wapi. Ndiye bibi anayempenda kuliko wote."

Niliona haya kumtazama. Kitabu hicho nilikwisha kukisoma, nikakidharau kwa sababu mzuka nilimtambua mapema mno, pale pale kikongwe alipofungua mlango wake. Nilijiona mwerevu. Hadi nilipomsikia binti huyo, sikuwa nimejiuliza nilimtambua kwa alama gani.