Alpaka Niliyemuaga

Juzi niligusa skafu ya sufu ya alpaka dukani North York, Kanada, na harufu ya zizi la utotoni ikanirudia.

Nilipokuwa mtoto, tukiwa wageni Kanada, baba alikuwa kibarua kwenye shamba la familia moja, mbele ya mji wa Richmond Hill. Mchana mmoja nilimkuta alpaka, mnyama wa sufu kama kondoo mwenye shingo ndefu, amelazwa, miguu na shingo vimenyooshwa, kamba zimekazwa, analia kama mtoto. Kwa bibi, kule tulikotoka, mnyama aliyefungwa hivyo alichinjwa. Mashine ikanguruma. Nikadhani Kanada wanachinja kwa umeme.

“Mshike kichwa, mwanangu,” baba akasema. “Mwongeleshe, atulie.”

Nilimnong'oneza, macho nimeyafumba. Alipofunguliwa aliinuka mwembamba, sufu yote imenyolewa, bila tone la damu, akakimbilia wenzake.

Baba bado anawasimulia wageni nilivyombembeleza alpaka yule. Sijamwambia kwamba nilikuwa namuaga.