Usicheke na Picha Kumi na Saba za Mama Treni

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza ameshakaa kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe, tai imemkaba shingo.

"Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke."

Bwana anabana midomo. Mashavu yanamtetemeka.

"Nimesema usicheke!"

Hapo wote wawili wanaangua kicheko, na picha ya pasipoti inabidi ianze upya.

Ndivyo mpiga picha huyu alivyopata jina. Mtaa mzima unamwita Usicheke, ingawa hakuna mwepesi wa kucheka kumshinda yeye mwenyewe. Studio yake ni chumba kimoja chenye taa mbili na mashine ya kuchapa picha ambayo ikikwama huipiga kofi la upole. Picha za pasipoti na vitambulisho ndizo zinazolipa pango na ada za watoto wake wawili.

Lakini mteja akishatoka, huivuta kompyuta na kuingia kwenye kazi yake ya pili, ile isiyomlipa hata senti. Huandika wasifu wa watu katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo watu wa kujitolea huiandika pamoja na kusahihishana.

"Mume wangu anasema nina wazimu," anasema. "Namwambia afadhali wazimu wa kuandika kuliko wa kusengenya. Ingawa kusengenya nako sijaacha."

Mwaka jana aliandika ukurasa wa jirani yake, mwanamke wa kwanza kuendesha treni ya abiria katika reli ya kwao, sasa mstaafu. Mtaani ni Mama Treni. Habari zake zilikuwa zimetapakaa katika magazeti ya zamani, na Usicheke alizikusanya moja moja kwa miezi. Ukurasa ulipotoka, familia ilifurahi sana, kisha ikaanza kuleta picha.

Kitinda mimba wa Mama Treni, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuja na bahasha nzima. Mama siku ya harusi. Mama na meneja. Mama na meneja mwingine. Mama akikata keki. Usicheke, ambaye kumkatalia mtu ni mtihani kwake, alizipandisha zote kumi na saba.

"Nilijitakia mwenyewe," anasema.

Picha ziliyameza maneno. Haukupita muda, mhariri mwenzake wa kujitolea, mtu asiyemjua hata sura, akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: huu ni wasifu au albamu ya familia? Alitaka ibaki picha moja tu, ile ya juu, na akaomba jibu kabla ya Ijumaa.

Usicheke aliona mwenzake ana hoja. Lakini picha moja kwa maisha yote yale? Na angeanzaje kumwambia jirani anayekutana naye bombani kila siku kwamba sherehe zake zinaondolewa? Fundi wa majokofu alipopata habari, alikuja juu.

"Dada, unataka kumfuta baba? Picha ya harusi ndiyo pekee yenye baba!"

Neno hilo lilimchoma.

Akaamua kumwita mwenye picha mwenyewe. Alizichapa zote, akazipanga kwenye kaunta, na kila moja akaifunika kwa kiganja na kuuliza swali lile lile: "Mama, nikiiondoa hii, mtu asiyekujua atakosa kujua nini?"

"Ya harusi? Atakosa kuiona suruali ya mume wangu, nayo ilikuwa ya kuazima. Ondoa, mwanangu. Mwenyewe hakuipenda."

"Ya keki?"

"Haikuwa na sukari. Ondoa."

"Na huyu meneja?"

Mama Treni aliisogeza karibu na macho. "Huyu alisema nikizaa nitaacha kazi. Nimezaa wanne. Huyu mwondoe leo leo!"

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama kuna sherehe. Kisha wakafika kwenye picha iliyojichanganya tu humo ndani. Ina ukungu pembeni. Mwanamke anaonekana kwa ubavu ndani ya kichwa cha treni, mkono mmoja kwenye breki, macho kwenye reli. Nusu ya uso wake haionekani.

Mama Treni aliishika kwa mikono miwili. Katika nyingine zote yuko kwenye sherehe, au amesimama kando ya treni na watu wakubwa. Katika hii tu, anaiendesha.

"Hii alinipiga baba yao," alisema taratibu. "Alipewa ruhusa apande, akaazima kamera. Akasema mkono ulimtetemeka kwa fahari. Nikamwambia, sema kweli, ni woga."

Ukurasani sasa kuna picha tatu, mbili kati ya zile kumi na saba na moja mpya. Ya kwanza ni ya stesheni, umati ukimpokea safari yake ya kwanza. Ya pili ni hiyo yenye ukungu. Ya juu kabisa ni hiyo mpya, iliyopigwa siku hiyo hiyo pale pale kigodani: Usicheke alijisahau akasema "usicheke", na Mama Treni akacheka mpaka jino la mwisho. Usicheke alimweleza mhariri mwenzake kila picha inampa nini msomaji. Jibu lilikuja kabla ya Ijumaa: "Nakubali. Ile yenye ukungu isiguswe."

Fundi wa majokofu alifika amenuna. Alipewa albamu ya karatasi yenye picha zote kumi na saba, asilainike. Usicheke akamgeuzia kompyuta. Kwa utaratibu wa ensaiklopidia ile, aliyepiga picha lazima atajwe, na chini ya ile ya ukungu pameandikwa: "Imepigwa na mumewe, akiwa abiria wake."

Fundi alisoma, akarudia. Akajifuta macho kwa kitambaa cha kazi, grisi ikabaki shavuni.

"Kumbe baba yumo," alisema.

Tangu siku hiyo Usicheke ana mpango. Kila Jumapili atafunga studio na kuwafuata watu kazini kwao, awapige wakiwa wanafanya kazi, wangali hai na mikono ingali na nguvu. Fundi wa majokofu amekubali kuwa wa kwanza, kwa sharti kwamba asipangwe pamoja na meneja yeyote.

Mlangoni anaingia mteja mwingine, mama mwenye haraka, anataka picha za kitambulisho.

"Kidevu juu. Usicheke." Mwanga unamulika mara moja. Mama anainuka aondoke, lakini Usicheke bado ameshika kamera.

"Haya, dada," anamwuliza. "Unafanya kazi gani?"