Siku Tulipojiandikia Maswali

Mwaka wetu wa darasa la nne, hapo Muleba, mwalimu alituambia tufunge vitabu na kila mmoja ajiandikie maswali matatu ya jiografia. Alikuwa kijana kutoka Bilele, Bukoba mjini, na alidai hakuna njia bora ya kujiandaa kwa mtihani. Mtihani huo niliuhitaji kuliko wote, kwani baba alikwishasema msichana akiweza kusoma barua inatosha.

Tuliandika kwa mbwembwe. Mwalimu alipokusanya, karibu kila karatasi iliuliza ziwa letu linaitwaje. Kwetu kuuliza ni kukiri ujinga, na kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo kila mtu aliuliza alichokijua. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

"Andikeni lile mnaloomba lisitokee kwenye mtihani," akasema.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilitafuna kalamu hadi wenzangu wakatoka nje, kisha nikaandika: kwa nini kwetu mvua hupenda kunyesha asubuhi? Mwalimu alisoma mara mbili, akanishauri nianze kwa kumuuliza mtu anayeiangalia mvua kila siku.

Kwetu mtu huyo alikuwa baba, kwa sababu ya kahawa yake aliyoanika. Asubuhi iliyofuata wingu lilipotanda nilimsaidia kukunja mikeka, nikamuuliza huku nimeinamisha macho. Mama alinikata jicho. Baba akafanya kama hakusikia. Nilijuta sana, nikaona shule ndiyo basi tena.

Jioni tulipomaliza kula ndizi, baba akaniita.

"Muulize huyo mwalimu wako. Mwanza ziwa ni hili hili, mbona kwao pakavu?"

Nilifurahi, lakini zaidi swali lenyewe liliniwasha. Sikuwahi kufikiri kwamba baba naye ana mambo asiyoyajua. Kesho yake mwalimu alinisikiliza akikuna kidevu, akataka kujua kama ni baba yule yule asiyetaka niendelee. Nikaitikia. Basi nimwambie, akasema, kwamba jibu lake linafundishwa darasa la sita.

Nilipomfikishia, baba aligeuzageuza kahawa juu ya mkeka.

"Haya," akasema. "Nenda ukaniletee."

Mtihani nilifaulu, darasa la sita nikalifikia, na somo hilo halikuwamo. Baba sikumwambia mpaka nilipomaliza la nane.