Maneno Niliyouambia Mti

Nichekeni tu, hata mimi nimejicheka. Nilipofiwa na mume wangu nilipanda mti wa crape myrtle hapa kwetu Theta, kando ya ua wa miiba ya kayaba. Ulipochanua mara ya kwanza, maua ya rangi ya waridi yaliyokunjamana kama hariri, akili yangu ilihama. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, nilitoka na chai yangu na kuuambia, "Mpenzi, umependeza leo. Bila wewe boma hili lingekuwa baridi."

Ng'ambo ya ua anaishi Baba Njeri, naye alifiwa na mkewe. Alianza kuniachia maparachichi langoni. Nikasema, jirani mwema. Halafu akaanza kupiga mluzi alfajiri. Nikasema, ana furaha zake.

Jumapili iliyopita alibisha langoni akiwa amevaa suti, dada yake nyuma na kreti ya soda.

"Mama Ciku," dada akasema, "ndugu yangu amesikia maneno yako, na amekubali."

"Maneno gani?"

Baba Njeri akainama kwa haya. "Yale ya asubuhi. Ati boma ni baridi bila mimi."

Nikaenda nikashika shina la mti wangu. "Nilikuwa naongea na huu mti."

"Wooi!" dada akasema.

Baba Njeri akautazama mti kutoka chini hadi juu, kama mtu aliyekutanishwa na mshindani wake.