Niliiamini ramani ya gemu ya homebrew siku ya ndoa yangu: hizi gemu mpya zina faida kwetu au hasara?

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko site, mlioko ofisini na mnaosoma kwa kumwibia bosi muda.

Hii imenipata mimi mwenyewe, na mashahidi wapo, wote walikuwa kwenye boti. Sitatia chumvi, haihitaji. Mods, uzi ubaki hapa hapa jukwaa la tech, msiuhamishie kule kwa wanandoa. Mkifika katikati mtanielewa.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Bungu, nina kaduka ka simu na chaja hapa Kibiti mjini. Ugonjwa wangu ni mashine za gemu za zamani, zile za kuchomeka kaseti na kuunganisha na TV. Ninazo saba, zinazofanya kazi ni nne. Kaseti ni kabati zima, na nyingine sijawahi hata kuzitoa kwenye boksi. Nazifuta vumbi na kuzirudisha.

Sasa kuna hizi homebrew. Ni gemu mpya kabisa ambazo watu wanajitengenezea majumbani kwa ajili ya mashine hizo hizo za kizamani. Kwenye group letu la wakusanyaji wapo wanaosema zinaipa hobby uhai. Wapo wanaosema zinaiua, kwamba kila mwenye laptop siku hizi anatoa gemu na kaseti original zinakosa heshima.

Mimi nilikuwa kinara wa hao wa pili. Nimetuma voice notes ndefu mpaka admin aliwahi kunifungia siku mbili.

Hasira yangu ilianzia kwa Hemedi. Huyu ni rafiki yangu tangu sekondari, fundi redio na TV pale Nyamisati, na programming anaijua vizuri sana. Nilimpa kaseti yangu ya gemu ya mpira wa miguu, original, airekebishe. Nikarudi nikakuta ameitoa utumbo wote, na ndani ya ganda lile amepandikiza gemu yake mwenyewe.

Wakuu, wiki mbili sikumsemesha.

Wiki ya tatu nikaichomeka nione huo uchafu wenyewe.

Gemu ni rahisi. Una boti, unatoka Nyamisati, unapita vijito vya delta katikati ya mikoko, unakwepa viboko, unafikisha mzigo Salale kabla maji hayajapwa. Maji yakiondoka kabla hujafika, boti inakaa kwenye tope na mchezo umeisha. Nilisema nacheza mara moja tu. Nimeicheza mwaka mzima.

Na kulikuwa na sababu nyingine. Wakati huo nilikuwa nimeposa. Mchumba wangu Mwanaidi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibiti, ila kwao hasa ni Salale. Mimi mtu wa barabara ya lami, delta sijawahi kukanyaga, hata barua ya posa walipeleka wazee. Niliona haya kufika ukweni nashangaa kila kitu. Kwa hiyo kila jioni dukani, wateja wakipungua, nachomeka kaseti na kujifunza kwa kina Mwanaidi kulivyo.

Ndoa ikapangwa Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri, kule kule Salale.

Ukweni walisisitiza jambo moja tu, tusichelewe. Sheikh wa kufungisha alikuwa na ndoa nyingine kisiwa cha pili, akishasali Alasiri anaondoka. Na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaingia wiki hiyo. Tukimkosa sheikh, mimi na Mwanaidi ni mpaka baada ya Idi, na watu walishapika.

Tulitoka Nyamisati asubuhi kwa boti ya mashine. Nahodha ni Mzee Kibwana, mtu wa maneno machache. Mbele nimekalishwa mimi, kanzu nyeupe, joho, shangazi yangu ananipepea. Hemedi ndiye mpambe wangu, yuko nyuma kabisa na sanduku la bi harusi, usingizi umeshamchukua.

Mnajua bwana harusi siku yake hapingwi. Ukitaka maji unaletewa, ukikohoa watu wanageuka. Ile heshima ikanipanda kichwani.

Maji yalikuwa yanatoka. Mzee Kibwana akawa anafuata mkondo mpana, wa kuzunguka. Mimi nahesabu vijito kushoto kimya kimya. Cha kwanza, cha pili. Kilipotokea cha tatu, moyo ukanidunda, maana kwenye gemu hiyo ndiyo shortcut. Unaingia pale, unatokezea Salale ukiwa na muda wa kumwaga.

"Nahodha, kata kushoto hapa," nikasema.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Njia hii nimepita mara nyingi sana."

Wakuu, sikudanganya. Nimeipita mara zisizohesabika. Nilichoacha kusema ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya dukani.

Mzee Kibwana akakuna kidevu. "Mie huku sijapata kupita. Lakini wewe mkwe wa Salale, huenda kuna aliyekuonesha. Haya, leo siku yako, bwana harusi."

Akakata.

Dakika kumi za mwanzo nilikuwa najisikia sana. Nikaanza hata kumwonesha shangazi mikoko kwa majina. Kisha kijito kikawa chembamba, matawi yakaanza kutugusa vichwa, mashine ikakoroga tope, boti ikakaa chini.

"Tumepwelewa," Mzee Kibwana akasema. Akazima mashine, akawasha sigara.

Kwa wa bara, kupwelewa ni maji kuondoka na kukuacha umekaa chini. Husukumi, huvuti. Unangoja yarudi.

Ukimya ule ndio uliomwamsha Hemedi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Huku tumefuata nini?"

"Kijito cha tatu kushoto," nikamwambia. "Shortcut yako."

Hemedi akalisogeza sanduku pembeni.

"Ndugu yangu, kushoto sikukuchora."

"Hukukuchora vipi na mimi nakupita kila siku?"

"Kaseti nafasi iliisha. Nikachukua upande wa kulia, nikaugeuza, nikaubandika kushoto ili ramani ijae. Shortcut ya kweli iko kulia. Tumeipita zamani."

Wanaoandika code wanaijua mbinu hiyo. Memory ya zile mashine ni ndogo mno, kwa hiyo unachora nusu na nusu ya pili unaigeuza. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaeleza watu kwenye group, kwa voice note, kwa kujiamini kabisa.

Shangazi akaacha kupepea. "Yaani huyu katuleta huku kwa sababu ya mchezo wa kwenye TV?"

Akawageukia wenzake.

"Na ndiye tunayekwenda kumwozesha mtoto wa watu."

Nikainuka, nikaenda nyuma, nikamkamata Hemedi kanzu. Boti ikayumba, tukatoka wote wawili tukaangukia tope. Kanzu yangu ikawa rangi ya kahawa mpaka kifuani. Mzee Kibwana alitutazama tu, akaendelea na sigara yake.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Simu hazikamati mtandao. Nikamfikiria Mwanaidi amekaa ndani na hina yake, wanawake wamemzunguka, kila anayeingia anauliza bwana yuko wapi. Nililia kidogo, wakuu. Watu wa boti walijifanya wanaangalia kaa.

Maji yakarudi kwa wakati wake.

Tulifika Salale watu wanatoka kusali Alasiri. Sheikh alikuwa ameshakunja suruali apande boti yake. Baba mkwe akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mmepita wapi?"

Ningeweza kumsingizia nahodha. Mzee Kibwana alikuwa anafunga kamba, hakuinua uso, jibu kaniachia mimi. Nikasema ukweli wote, na gemu nikaitaja.

Baba mkwe akamgeukia sheikh. "Maalim, nivumilie robo saa. Huyu akaogeshwe."

Nilioa nimevaa kanzu ya baba mkwe, iliyoishia katikati ya miguu. Sikujali, ndoa ilifungwa.

Nikaingizwa ndani kumpa bi harusi mkono. Habari zilishamfikia. Nilidhani atacheka, hakucheka.

"Ile gemu kushoto kote kumekosewa," akasema. "Niliona tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nakuja dukani kwako, unaniambia nisogee naziba TV. Mwaka mzima unacheza kwetu, na hata siku moja hujaniuliza kwetu kukoje."

Wakuu, tope lile halikuniumiza hivyo. Nikamwomba radhi mbele ya mashangazi zake wote, sikuweza kungoja tubaki wawili.

Sasa turudi kwenye hoja. Mimi nimehama upande. Zije homebrew nyingi, ila wasiue kaseti original, hilo sijasamehe. Kaseti ya kampuni ikiwa na kosa, limekaa humo milele na aliyeifanya humjui. Hii ilipokosea, mtengenezaji nilikuwa naye kwenye boti. Mwanaidi amemchorea Hemedi upande wa kushoto kwenye karatasi za daftari, version mpya ipo tayari, na hata wale wapinzani wa homebrew kule kwenye group, wa boksi lisilofunguliwa, wananiomba nakala.

Mimi bado sijaimaliza. Nikiwasha, Mwanaidi anaanza kunieleza kijito fulani, nani alizaliwa hapo, bibi yake alilima mpunga wapi, nasahau nimeshika pedi ya kuchezea, boti yangu inapwelewa kwenye TV na sina habari.

Wakusanyaji na watengenezaji, nipeni maoni yenu hapo chini, hata ya kunipinga. Nasoma yote.