Kiondo Kilichorudi Kimejaa

Kila ninaponusa kitambaa kilichobabuliwa kidogo na pasi ya makaa, narudi Kibugu, kwenye baraza ya mbao ya nyumba yetu, asubuhi ya ukungu, majani ya chai yakidondosha maji na moshi wa jikoni ukikataa kupanda. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya mwaliko. Mara moja kwa mwaka Mwalimu Birgit aliazima pasi ya Mama, akaipuliza makaa mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha gauni lake moja la maana, la rangi ya samawati, ambalo miezi mingine yote lililala sandukuni. Tukiliona hilo gauni limetandazwa juu ya meza tulijua kwamba balozi wa nchi yake amemwita Nairobi.

Birgit alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya harambee ambayo wazazi wetu waliijenga kwa mbao na mabati yao wenyewe. Alitoka nchi moja ya mbali, ya baridi, na kwa kuwa shule haikuwa na nyumba ya mwalimu, Baba alimpa chumba cha pembeni uani kwetu. Watu walitabiri kwamba hatamaliza muhula. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwetu jembe lilikuwa kikapu cha kuchumia chai. Mama alimfunga kile kikapu mgongoni akamwonyesha majani mawili na kichipukizi, na Birgit akachuma polepole kama anayechagua ushanga, mpaka jirani wakaja kusimama njiani kumtazama. Jioni alikaa na Mama kando ya mafiga. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, Birgit alikuwa na Kiembu cha kuokoteza, na kilichopungua kati yao nilikijaza mimi, mtoto wa darasa la tano niliyejiona mkalimani wa serikali. Mama alikuwa mtu mgumu kucheka. Alikuwa ameolewa mbali na dada zake, na nadhani kabla ya Birgit hakuwa na mwanamke wa kukaa naye tu, bila kazi na bila sababu. Nilisikia vicheko vyake kwa mara ya kwanza katika ule msimu ambao alimfundisha Birgit kusuka kiondo, kikapu chetu cha katani. Kiondo cha kwanza cha yule binti kilipinda upande mmoja kama shavu lenye jino bovu, na Mama alimwambia kwamba mwenye kiondo hicho ataolewa na mtu kipofu.

Habari ya ubalozi ilizua maneno kijijini. Kwa akili zetu, kuitwa na mkubwa wa serikali ni kuitwa kwa chifu, na hakuna aliyewahi kuitwa kwa chifu kwa wema. Mwaka wa kwanza Mama alimwuliza kwa upole amekosa nini. Birgit akaeleza kwamba watu wa nchi yake wanaofanya kazi huku, walimu, wauguzi, wachimba visima, hukusanywa bustanini kwa balozi siku ya taifa lao, wakala samaki wa chumvi, wakaimba, wakarudi makazini.

"Kwa hivyo ni kwenu," Mama akasema.

"Ni kwetu, kidogo," Birgit akajibu.

Mama aliliweka neno hilo moyoni. Mwaka wa tatu kadi ilipokuja, Birgit alikaa kando ya mafiga akaigeuzageuza mkononi, kisha akasema ameruhusiwa kwenda na mgeni, hata na mtoto, kwa maana sherehe ilikuwa ya mchana, na kwamba hakuna mtu mwingine ambaye angependa kwenda naye ila Mama Igoki, kama alivyoitwa kwa jina langu mimi. Kesho yake Mama alikwenda kuchimba nduma, magimbi ya kwetu, na mimi nikajua kwamba tunakwenda.

Hapa sina budi kueleza jinsi watu wa kwetu wanavyotembeleana, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mkono mtupu haulambwi. Mwanamke akialikwa huenda na kiondo: nduma, ndizi zilizochemshwa, na kibuyu cha uji wa wimbi uliochachuka vizuri, juu yake kitambaa safi kimefungwa fundo. Akifika mlangoni, msichana wa nyumba hukipokea akakipeleka ndani, na mgeni hajifanyi kukikumbuka tena. Huko ndani hupakuliwa, na wakati wa kuaga hurudishiwa kiondo chake, lakini hakirudi kitupu: mwenyeji huweka chumvi, au sukari, au japo konzi ya maharagwe. Hivyo ndivyo mtu anavyoambiwa aje tena. Kiondo kitupu kikirudi, ni usahaulifu, na usahaulifu husamehewa. Ila kiondo kikirudi na vitu vilevile kilivyokwenda navyo, fundo halijafunguliwa, hapo mtu ameambiwa kwamba hatakiwi, yeye na nyumba yake. Wachumba wamekataliwa hivyo, na koo zimekaa miaka hazisalimiani. Nilikuwa nimesikia habari za kiondo cha namna hiyo, lakini sikuwa nimekiona.

Tulichukuliwa na gari la mchimba visima mmoja wa nchi yao, aliyekaa Kangeta na kutafuna miraa kuliko wenyeji wake, tena akijisifu kwamba anaijua ya bei kwa kuinusa tu. Mama alivaa kitambaa cha kichwa kipya na sweta ya kanisani. Kiondo alikipakata mapajani kutoka Kibugu mpaka Nairobi, kibuyu akikishika shingo kila gari liliporuka shimo, na Birgit alipomwambia akiweke chini alitikisa kichwa akatabasamu. Miaka mingi baadaye nilifahamu kwamba bila shaka Birgit alidhani ni chakula cha njiani. Mtu aliyejua viondo vyetu vyote hakufikiri kwamba desturi ya Kibugu ingeweza kuteremka mpaka kwenye geti la balozi wake. Nami, mkalimani wa serikali, sikuona cha kutafsiri.

Getini kulikuwa na askari, Mwafrika mwenzetu, mwenye kofia na viatu vya kung'aa. Birgit alikuwa ametangulia kuonyesha kadi. Askari alimtazama Mama, akakitazama kiondo, akasema kwa adabu, "Mama, hii nipatie mimi. Wewe ingia tu, usijali." Akakipokea kwa mikono miwili, akakipeleka nyuma ya kibanda chake. Mama alifurahi mno. Alininong'oneza kwamba watu hawa wana heshima, tazama hata mlangoni wameweka mtu wa kupokea.

Sherehe yenyewe naikumbuka kwa vipande. Nyasi zilizokatwa fupi hata nikaogopa kuzikanyaga. Wazungu wengi wakicheka kwa sauti moja. Samaki wa chumvi asiyepikwa juu ya mkate, ambaye Mama alimmeza kwa ujasiri wa mtu anayekunywa dawa. Balozi mwenyewe, mzee mwembamba, alimsalimia Mama kwa kuinama, na Birgit akasema kitu kirefu kwa lugha yao, mkono wake ukiwa begani kwa Mama, na macho yake yaking'aa. Mama hakuelewa neno hata moja lakini alijua anasifiwa. Alikuwa akifuata kwa macho kila sinia lililopita. "Nduma bado hawajaleta," aliniambia. Baadaye tena: "Labda wanaweka mwisho, kwa wazee." Nilimwona akiwa mrembo siku ile, amenyooka, mwanamke aliyefika kwa watu wa rafiki yake na kupokewa.

Tulipotoka, askari alitukimbilia na kiondo. Kitambaa kilikuwa juu yake, fundo la Mama likiwa vilevile. "Mama, mzigo yako hii," akasema, na alikuwa akijivunia kazi yake. "Angalia vizuri. Hakuna mtu amegusa kitu yako hata moja."

Mama alikipokea. Uzito wake ulimwambia yote kabla hajaangalia. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulipapasa fundo mara moja kisha ukaacha. Birgit alikuja nyuma yetu akiwa na furaha, akasema, "Ah, vizuri, wamekutunzia." Nami nilimtafsiria Mama maneno hayo kama yalivyo.

Njia nzima alikipakata tena. Tulipofika alikwenda moja kwa moja migombani akamwaga ule uji shinani, akatupa nduma na ndizi, akakiosha kiondo, akakitundika. Baba alikuwa mlangoni.

"Tumerudishiwa," Mama akamwambia.

"Labda hawajui, mama Igoki. Hao ni watu wa mbali."

"Birgit anajua. Amekula kwangu miaka mitatu. Alikuwa pale, akakiona, akasema vizuri."

Baba alijaribu mara nyingine mbili tatu akaacha, maana alimjua mkewe. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na sisi sote watatu, Mama, Birgit na mimi, tulikuwa ndani ya giza hilo, kila mmoja akidhani mwenzake ana taa. Mama hakumfukuza Birgit. Hakumnyima moto wala maji wala salamu. Ila jioni alipokuja kukaa kando ya mafiga, Mama alikumbuka ghafla ng'ombe, au kuni, au shingo yake inauma. Birgit aliniuliza mimi kama Mama ni mgonjwa. Nilisema ndiyo, kwa sababu mtoto hana ruhusa ya kufunua la ndani, na kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeumia kwa ajili ya mama yangu. Akamletea dawa.

Mkataba wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka ule. Siku ya kuaga shule iliimba, wazee walizungumza sana, na baadaye Birgit akaja uani kwetu peke yake. Alikuwa amevaa lile gauni la samawati, na mkononi alishika kiondo chake cha kwanza, kile kilichopinda. Ndani yake aliweka sukari, majani ya chai, leso, na sweta aliyoifuma mwenyewe kwa ajili ya Mama, rangi ya majani mabichi ya chai. Juu kitambaa safi, kimefungwa fundo kama alivyofundishwa. Alikitoa kwa mikono miwili. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akaingia nacho ndani, na sisi tukabaki tumesimama. Nilisikia kwamba huko ndani hakuna kinachofunguliwa. Mama alitoka, akamrudishia kiondo kikiwa kimejaa, fundo lake halijaguswa, akamwambia aende salama.

Birgit alijua maana yake. Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kulizoea. Angekuwa mgeni wa jana angecheka akasema hapana, ni vyako, chukua. Lakini alikuwa amekaa nasi miaka mitatu, naye alikiangalia kile kiondo, akamwangalia Mama, na hakuuliza. Kwetu mtu aliyerudishiwa hauulizi mlango. Hata katika hilo alikuwa amejifunza vizuri. Alikwenda, gari likateremka kuelekea Kianjokoma, wala hatukupata barua kutoka kwake.

Miaka imepita, na leo mimi ndiye mgeni wa mbali. Ni muuguzi katika mji wa baridi, si nchi ya Birgit lakini jirani yake, na mara moja kwa mwaka ubalozi wetu hutualika siku ya Jamhuri. Mimi pia napiga pasi gauni langu moja la maana, ingawa pasi ni ya umeme na haina harufu. Mara ya kwanza nilipokwenda nilitafuta nduma mji mzima, nikazipata katika duka la Waasia, nikazichemsha na kuzibeba katika mfuko mzuri wa kitambaa, maana sikujua kwenda kwa watu wangu mikono mitupu. Mlangoni kijana wa ulinzi aliuchukua kwa adabu, akanipa kipande cha plastiki chenye namba. Wakati wa kutoka aliniletea. "Nothing touched, madam," akasema kwa fahari, hakuna kilichoguswa. Chakula cha nje hakiingii ndani. Ni kanuni ya mlango, haimjui mtu wala haimchukii. Nilisimama kwenye ngazi zile na mfuko wangu mzito, baridi ikinipiga, nikalia mbele ya watu.

Kesho yake, watu wakitoka kanisani huko nyumbani, nilimpigia Mama. Sasa ni mzee, na Kibugu yenyewe imebadilika: harusi zina kadi, getini kuna askari wa kukodi, vyakula hupikwa na kampuni, na mchango hutumwa kwa simu, nayo simu hairudishwi na chumvi. Nilimweleza mambo ya mlangoni, polepole, kama nilivyokuwa nikitafsiri zamani.

"Kwa hivyo yule askari alikuwa anakitunza tu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na Birgit hakujua kwamba kilikuwa chao."

"Hakujua."

Nilisikia kuku, na mlango wa jikoni ukifungwa. "Basi mimi nilimrudishia binti wa watu kiondo kimejaa," Mama akasema, "na yeye alikuwa anajua."

Nimemtafuta. Nimeandika kwa shirika lililomleta, nikaambiwa halipo tena. Nimetafuta jina lake mtandaoni, lakini jina hilo kwao wanalo wengi, na yawezekana aliolewa akalibadilisha. Majuto ni mjukuu, na huyu wetu tunamlea wawili, mimi huku na Mama kule. Siku hizi nikipiga simu haulizi kwanza hali yangu wala baridi ya huku. Ananiuliza, "Umempata?" Nikisema bado, ananiambia sukari ya kumtilia Birgit kiondoni ipo, ameiweka, nisiache kutafuta.