Siri ya Wakili Kwenye Grupu la Pilau

Mie Mwajabu, napika Kurasini, kibanda kinachotazamana na yadi ya makontena. Darasa la saba nilimaliza; mdomo nilizaliwa nao.

Mwenye kibanda ni Mzee Abdulhadi, mteja wangu wa pilau ya Ijumaa. Mwaka huu kataka kunitoa ampangishe muuza matairi.

"Mzee, si uliniahidi nikae mpaka mwakani? Nimejenga majiko ya saruji kwa ahadi yako!"

"Ahadi ipi? Ina shahidi?"

Tukafikishana baraza la ardhi. Wakili wangu, binti anaitwa Loveness, akanionya: "Mama, tunayoongea mimi na wewe ni siri, sheria inailinda. Hakuna wa kukulazimisha uitoe. Ila na wewe usiitangaze."

Nikamwambia asinifundishe siri, mie mtu mzima.

Nilipotoka hapo nikamuingiza kwenye grupu langu la oda la WhatsApp. Biashara yangu yote si imo humo? Wapishi, madereva wa malori, wateja. Katikati ya oda za wali maharage nikamtupia swali: "Wakili, huyu mzee mwenye tumbo kama pipa akikaza, nichukue fidia niondoke?"

Mzee mwenyewe yumo. Alijibu kwa kidole gumba.

Siku ya shauri wakili wa mzee akalisoma swali langu. "Mama mwenyewe yuko tayari kuondoka!"

Loveness akaruka. "Mheshimiwa, hayo ni mazungumzo ya wakili na mteja wake!"

Mwenyekiti wa baraza akanitazama juu ya miwani. "Grupu hilo lina nani, mama?"

"Yadi nzima, mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko. Loveness akanipiga jicho ambalo hata mama mkwe hajawahi kunipiga. Kisha akasema, "Basi kama si siri, lisomwe lote."

Nikajua nimekwisha. Humo nilimsema mzee kila nikikosa usingizi. Likasomwa pipa, likasomwa shavu, mzee kashika kofia yake tu. Mwisho wakafika kwenye oda yake ya Shaabani: "Bi Mwajabu, niwekee sahani. Jenga majiko ya kudumu, mwakani tuko wote hapohapo."

Shahidi kapatikana.

Uamuzi ulipotoka, nikabaki na kibanda changu. Mzee akanisubiri mlangoni.

"Hivi mie tumbo langu pipa?"

"Dogo lakini, mzee."

"Ijumaa niwekee."

Loveness alishajitoa kwenye grupu. Kesho yake nikampigia kumshukuru. Hata salamu hakuitikia.

"Mama, umeweka spika?"

Nikaizima. Wapishi wakaguna.